Mstari Mrefu Kuliko Yote

Jumatatu, 3 Machi
Kiti cha mkuu wa idara kiko wazi. Changu hicho! Profesa, mkuu wetu wa kitivo, anataka historia ya utafiti wa idara iwekwe mtandaoni: mchoro wa miaka arobaini, kila utafiti na mstari wake tangu ulipoanza hadi ulipoisha; ukiubofya unafunguka na picha ya mwenyewe. Nimejitolea kabla hajamaliza sentensi. Wenzangu wakabaki kuangalia viatu vyao. Mbumbumbu watupu.

Jumanne, 4 Machi
Mama Tanbihi, mpinzani wangu, kaleta tafiti zake tisa, kila moja na tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Kujipendekeza tu. Huyu hata tangazo la chai hulitilia tanbihi. Nimezipaka zote kijivu. Mimi nina utafiti mmoja, wa tasnifu yangu ya uzamivu, lakini wa maana. Mwekundu!

Jumatano, 5 Machi
Fundi wa kompyuta kauliza tarehe niliyomaliza wangu. Nikamwambia aache wazi, mambo makubwa hayana haraka. Akaonya kwamba programu itauvuta mstari mpaka leo. Kumbe! Miaka kumi na minne, juu ya vijistari vyote vya Mama Tanbihi. Nimecheka peke yangu. Mke wangu kauliza kama ndiyo nimemaliza tasnifu. Haelewi teknolojia, maskini.

Alhamisi, 6 Machi
Uzinduzi. Ukumbi umejaa. Profesa akabofya ule mwekundu kwanza, kama nilivyopanga. Ikatokea picha yangu nikiwa bado na nywele, na chini yake: "Unaendelea. Miaka 14. Matokeo: hakuna." Programu imejijazia yenyewe, kiherehere! Watu wakavunjika mbavu. Mama Tanbihi hakucheka. Alinionea huruma, na hilo ndilo lililoniuma. Profesa akauliza kama ipo walau sura moja. Nikasema iko njiani. Kiti kapewa Mama Tanbihi. Mimi nimalize ifikapo Juni, la sivyo nifungashe virago. Nimeumia, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi
Mama Tanbihi kaja ofisini kunishauri: nifunge mlango, niandike kurasa mbili kila siku, atazisoma mwenyewe. Unafiki! Hata hivyo mlango nimefunga. Nimechapa kazi tangu asubuhi bila hata chai. Mstari wangu sasa ni wa dhahabu, na mwanzo wake nimeurudisha nyuma miaka sita. Wabofye tena waone: miaka ishirini kamili!