Sindano ya Daktari Wilbroad

Wilbroad alikuwa akinunua muhogo wa kuchoma pale Itetemia alipomwona Mama Gaudensia, tajiri wa asali, akijipiga picha kwa simu, akaitazama, akasonya, akaifuta. Mate yakamjaa kinywani. Mwanamke mwenye ndoo za asali hadi darini na kovu shavuni asilolitaka! Mungu akupe nini tena?

Jioni hiyohiyo alibisha hodi kwake, yumo ndani ya koti jeupe.

"Shikamoo mama. Mimi ni daktari. Tunafanya majaribio ya sindano ya kujaza makunyanzi na makovu. Dawa ni bure, wewe unachangia ndoo chache tu za asali."

"Marahaba, mwanangu. Binti yangu anaolewa Jumamosi. Hili kovu litaondoka?"

"Utalisahau, mama."

Dawa yenyewe ilikuwa ute wa yai na maji ya chumvi, mchanganyiko ambao sayansi bado haijautolea tamko. Sindano ilipochomoza mkobani, Nyamizi, wifi wa Mama Gaudensia, akakohoa.

"Daktari, kwetu anayekukaribisha pombe huionja kwanza yeye, ujue haina kitu. Anza wewe."

"Hii si pombe!"

"Ndiyo maana."

"Lakini mimi sina makunyanzi."

"Umeyapata sasa hivi," alisema Mama Gaudensia, akimwonyesha paji la uso.

Wilbroad akatoa mkono ajidunge hapo, wakaukataa: dawa ya uso huonjwa usoni. Aliogopa, tusifichane. Uso ule mzuri ndio uliokuwa shamba lake na duka lake. Lakini ndoo zilishapangwa mlangoni, zimejaa hadi juu. Akajidunga shavuni huku akitabasamu. Nyamizi akasema zamu ya wifi yake na ndoo vingoje hadi asubuhi.

Kulipokucha shavu lilikuwa limeumuka kama andazi. Akarudi mbio.

"Mama, niokoe!"

"Asali itakuponya, mwanangu. Ila ukae hapa barazani, upate hewa."

Akampaka mbele ya majirani. "Mtazameni vizuri! Kesho mje mlinganishe!" Wakaja, wakalinganisha, wakanunua. Uvimbe ulishuka kila siku, na ndoo nazo zikapungua.

"Wifi," Nyamizi alinong'ona jikoni, "kweli asali inatoa uvimbe?"

"Unashuka wenyewe. Nenda kapokee wateja."

Harusi ikapata ng'ombe wa pili. Wilbroad, uso umerudi, alipiga magoti kushukuru, akanunua ndoo ya mwisho kwa bei ya kuruka. Treni aliyoondoka nayo ilipofika stesheni ya Tura, alikuwa akiwahubiria abiria juu ya asali ile, machozi yakimlengalenga. Tangu azaliwe hakuwahi kunadi kitu alichokiamini kiasi hicho, na hakuna aliyenunua hata kijiko.