Mume wa Anemoni

Jumatatu, 16 Juni
Hajati Sumayiya, mwenye hoteli yetu hapa Nsambya, ametangaza kuwa Jumamosi atachagua msimamizi wa mapokezi. Ni mimi Nangila, ninayetunza tangi la maji ya chumvi, au Annick, Mkongomani wa maua. Maua! Mimi nina anemoni, mnyama wa baharini mwekundu, sura ya ua, petali zake ndiyo mikono, lakini anakula uduvi. Akizaa, cheo changu. Mama kule Bungoma nimeshampigia, amefurahi. Tatizo: anemoni yuko peke yake. Nitamtafutia mume.

Jumatano, 18 Juni
Mume amefika kwa basi kutoka Mombasa, ndani ya kopo, amenuna. Nikamweka ubavuni mwa mke. Wakachomana kwa mikono yao yote! Annick akacheka, akasema anemoni wengine huzaa bila mume, na watoto hukaa tumboni mwa mama hadi wapate nguvu. Nikamjibu labda kwao Bukavu.

Alhamisi, 19 Juni
Mume kahamia nyuma ya pampu. Mke amevimba. Shibe. Nimempunguzia uduvi.

Ijumaa, 20 Juni
Msiba! Anatapika! Vitu vyekundu kama punje za mtama vinamtoka mdomoni, vinanata kwenye kioo. Wageni wasione! Nikavikwangua, nikavinyonya kwa mpira, vyote ndooni. Nikaona nisipoteze maji: chumvi ile ingeyafaa sana maua ya Annick. Akanikuta mlangoni. Akachungulia ndoo.
"Dada Nangila, hawa ni watoto! Angalia, wana mikono!"
Kweli, walikuwa nayo. Nikasema nilikuwa nawatembeza.

Jumamosi, 21 Juni
Hajati kaita kikao. "Banange, jamani, Nangila! Watoto ulitaka kuwamwaga?" Nikajitetea kwamba mnyama mwenye heshima hazai kwa mdomo. Annick akaeleza taratibu kuwa anemoni ana tundu moja tu, la kulia na la kuzalia. Niliona aibu kwa niaba yake. Annick ndiye msimamizi, na tangi ni lake pia. Mimi nimepewa maua. Mama sijampigia.

Jumapili, 22 Juni
Kazi mpya, bidii mpya. Kumbe Annick alikuwa mvivu! Chini ya kila mshubiri mkubwa vimejazana vishubiri vidogo vidogo, vimeubana kama kupe. Nimeving'oa vyote, arobaini na vitatu, nikavichoma moto. Kesho Hajati ataona nani anajua kazi.