Mwaliko Uliofuata Kanuni Zote

Jumatatu, 9 Septemba

Kozi imeanza. Kuandika barua za kibiashara na kuwasiliana vizuri kazini. Ofisi nzima, wiki nzima, kila asubuhi, kwenye chumba cha mikutano ghorofani. Nilimwambia meneja wetu, Bi. Consolacion, kwamba mimi sihitaji. Ni mwaka wa nane huu najibu barua za wateja wa ng'ambo wanaolalamika kwamba viti vyetu vya henzerani vimewafikia na mguu mmoja mfupi. Akasema ndiyo maana jina langu ameliweka la kwanza. Sikujua kama ni sifa.

Mwalimu ametoka Manila. Bi. Ybañez. Mwembamba, anatembea kama anaogopa kumwamsha mtu. Anataka tuseme tunachotaka kwenye sentensi ya kwanza, na kila neno lisilo na kazi litoke. Halafu akatoa zoezi la wiki. Kila mtu aandike barua moja ya kweli, kwa watu wa kweli, na Ijumaa tuone kama mwandishi amepata alichokitaka.

Hapo hapo nikapata mpango. Ijumaa natimiza miaka hamsini. Hapa Cebu mwenye siku yake ndiye anayewalisha wenzake, na ofisini kwetu hakuna anayethubutu kukwepa kununua pansit. Sinia la tambi linawekwa katikati, watu wanazunguka, wanakula, wanamtania mwenye siku mpaka anaona aibu. Mimi sijawahi kutaniwa. Mwaka jana niliweka sinia langu kwenye meza yangu ya chini, karibu na stoo ya maboksi, nikasubiri wapite walione. Hakuna anayepita stoo mchana. Nilikula tambi zile peke yangu mpaka zikachacha. Safari hii watu watakuja, maana nitawaita kitaalamu.

Saa sita Dikto wa mauzo akapita na kopo lake la chakula. Kijana wa thelathini na kitu, anapendwa na kila mtu bila sababu ya maana. "Tule, Manong Crisanto," akasema, kwa heshima ya kaka mkubwa, kama kila siku. Nikasema asante, nimeshiba, kama kila siku. Adabu ndiyo hiyo. Ukialikwa unakataa, mwenzako anarudia, unakataa tena, anakushika mkono, unakwenda. Dikto hajawahi kufika kwenye kurudia. Akapanda ngazi, nami nikala ndizi zangu za kuchemsha nikiangalia maboksi.

Yeye barua yake anaomba feni ya chumba cha chakula. Feni! Mtu anapewa nafasi ya kuandika barua ya kubadili maisha, anaomba upepo.

Jumanne, 10 Septemba

Rasimu ya kwanza ilijaa ukurasa. Nilieleza jinsi marehemu mama alivyokuwa akipika pansit siku yangu na kunikataza kuzikata tambi, maana urefu wake ndio urefu wa maisha. Nilieleza kwamba huku chini ni kimya sana. Nilimaliza kwa kusema nitafurahi mno wakija.

Kisha nikaanza kufuta. Nikamfuta mama. Nikafuta kimya. "Nitafurahi mno" niliiacha mpaka saa nne, nikaona nayo haina kazi, kwa kuwa furaha yangu haimhusu msomaji. Mwisho nikafuta hata sababu. Siku ya kuzaliwa ni habari binafsi. Ikabaki hivi:

"Kuhusu: Mahudhurio ya Ijumaa. Mnatakiwa kufika mezani kwangu, ghorofa ya chini, Ijumaa saa sita mchana. Chakula kitakuwepo. Thibitisheni kabla ya Alhamisi jioni."

Bi. Ybañez aliisoma mara mbili. Akasema imenyooka, ila inasomeka kama hati ya kuitwa mahakamani. Nilifurahi sana. Nani anakosa mahakamani? Akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nisingependa kumrudisha kidogo yule mtu aliyekuwa kwenye rasimu ya kwanza. Nikamjibu kwamba yule mtu ana maneno mengi.

Dikto alisoma yake kwa sauti. Inaanza kwa kuuliza watu wameamkaje. Inaeleza jinsi Ate Luming wa uhasibu, dada mkubwa wa ofisi nzima, anavyojipepea kwa mfuniko wa sufuria huku akipuliza supu, kwa hiyo joto linabaki palepale. Kurasa mbili! Darasa zima likacheka, Ate Luming mwenyewe akafuta machozi. Mwalimu akamwambia aipunguze, na asirudie ombi lile lile mara tano. Dikto akafuta "sana" moja akaona amefanya kazi. Sikucheka. Namhurumia.

Jumatano, 11 Septemba

Somo la leo lilikuwa nani apewe nakala. Nikapata mpango juu ya mpango. Barua nimeituma kwa wote, nakala kwa Bi. Consolacion. Ofisini kwetu jina la meneja likionekana chini ya barua, watu wanavaa viatu vyao na kukaa sawa.

Nilituma asubuhi kabla ya darasa. Niliporudi mezani nikakuta jibu la Ate Luming. "Imepokelewa, Manong." Neno moja na heshima juu. Likafuata la mtu wa usafirishaji. "Imepokelewa." Mpaka jioni wote kumi na wanne walikuwa wamejibu, na Dikto ndani. Hata Bi. Consolacion, ambaye kwanza aliuliza kama jambo lenyewe linamhusu, kisha akaandika kwamba imepokelewa.

Hakuna aliyekataa hata mmoja. Sijawahi kupata majibu mengi hivyo kwa siku moja kutoka kwa watu ninaowafahamu. Niliyasoma yote tena kabla ya kuzima kompyuta. Yanafanana, lakini kila moja lina jina la mtu juu yake, na nililisoma kila jina polepole.

Jambo moja dogo. Nilipopanda kuchukua maji, watu waliokuwa wakiongea ngazini wakanyamaza, wakanipisha. Heshima yangu imepanda. Nilisimama hapo na kikombe changu nikisubiri mmoja aendelee na stori, halafu nikashuka.

Alhamisi, 12 Septemba

Ate Luming alikuja chini akijifanya anatafuta karatasi. Huku hakuna karatasi. Akazunguka meza yangu, akashika kiti, akakiachia. Mwisho akasema, "Manong, niambie ukweli tu. Watu wanapunguzwa? Nina watoto wawili chuo." Nilishangaa swali limetoka wapi. Nikakumbuka kozi, nikamwambia kwamba taarifa zote muhimu zimo ndani ya barua. Akasema asante, akaondoka bila karatasi. Alikuwa amesimama karibu nami kabisa. Nilitaka kumuuliza hao watoto wanasoma nini, lakini swali hilo halikuwa na kazi kwenye mazungumzo yale.

Baada ya kazi nikaenda kuagiza pansit nyuma ya kanisa. Sinia kubwa, la watu kumi na watano. Redio ya duka ilikuwa inapiga nyimbo za Krismasi. Septemba imeingia juzi tu! Kwetu huanza mwezi huu, na zikianza zimeanza, na mimi kila mwaka zinanikuta sina pa kwenda. Mama muuzaji akauliza ni siku ya nani. Nikasema yangu, natimiza hamsini. Akasema, "Hongera, Manong. Hiyo hamsini imekupitia mbali, wala hufanani nayo." Nikakaa pale nikisoma bei za vyakula ambavyo sikutaka.

Nilirudi ofisini kupanga viti. Vizima ni vya kuuza, kwa hiyo nimechukua vile vilivyorudishwa na wateja. Kumi na vinne kuzunguka maboksi niliyoyaunganisha, na changu. Vyote vinayumba kidogo. Watu wakikaa pamoja watacheka, na nimeshaandaa cha kujibu.

Nilifikiria kesho asubuhi nipite meza kwa meza niwakumbushe. Dikto alifanya hivyo siku yake. Alipita mara tatu, akamburuta Ate Luming na kiti chake mpaka kwenye sinia. Sitafanya hivyo. Ujumbe uliopokelewa haurudiwi. Sisi wengine tumesoma.

Ijumaa, 13 Septemba

Feni ya Dikto imefungwa asubuhi. Bi. Consolacion aliisoma barua jana akicheka, akatoa feni ya ofisini kwake. Darasa likampigia makofi. Bi. Ybañez akauliza matokeo yangu. Nikasema yataonekana saa sita, ila uthibitisho ninao wa asilimia mia. Akaniambia jambo kuhusu kuwaendea watu, lakini nilikuwa nasikiliza kama sinia limefika.

Limefika. Moto, linanukia, mayai juu. Saa sita nilisimama kando ya viti na shati langu jeupe.

Hakuna mtu.

Nikalifunika sinia lisipoe. Nikalifunua watakaofika walione. Nikalifunika tena. Kisha nikasikia hatua. Bi. Consolacion, peke yake, na daftari. Akauliza kikao ni cha nini. Nikasema kuna chakula. Akatazama viti vyote vile, akasema, "Asante, mimi nimeshakula." Adabu, kama kawaida. Neno la kurudia lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini alikuwa amepokea barua, na alikuwa amejibu. Sikurudia. Akasubiri kidogo, akapanda.

Baada ya muda mfupi ghorofani wakashangilia kwa kelele kubwa. Nikadhani wamewasha feni.

Ndipo Dikto akashuka, mdomo unang'aa mafuta ya nguruwe. Alikuwa amewanunulia watu nyama kusherehekea feni. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Manong, umetuua! Sisi tulijua unatusomea majina ya wanaofukuzwa. Barua kali, meneja ndani, chini kwenye maboksi! Tukakubaliana hatushuki hata mmoja. Asipokuwepo wa kusomewa, atafukuzwa nani? Sasa bosi anatuambia ni chakula tu." Kumbe ndicho walichokuwa wanashangilia.

Akaliona sinia. Akaacha kucheka. Akauliza kama ni siku yangu. Nikasema hiyo ni habari binafsi.

"Panda juu, Manong," akasema, taratibu, sivyo anavyosema kila siku. "Beba sinia tupande wote. Watu wako juu."

Moyo ulinipiga kama nimekimbia. Nikasema asante, nimeshiba.

Nikasubiri. Alifungua mdomo. Naapa alifungua mdomo na mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka. Halafu akajikuna kichwa akasema, "Haya. Bi. Ybañez kanikata alama kwa kung'ang'ania watu. Mtu akishajibu, amejibu." Akapanda. Kozi imemharibu yule kijana.

Nilikaa kwenye kimoja cha vile viti. Nililia kidogo. Naandika hapa kwa kuwa hapana anayesoma. Nilikula tambi nikiwa makini nisizikate, na juu yangu walikuwa wanacheka, na nikatambua sauti ya kila mmoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Nina cheti. Kinasema Crisanto Villarosa ana uwezo wa kuwasiliana kwa ufanisi. Nimekiegemeza kwenye jagi la maji mezani, nikione nikila. Sinia nililibeba jana mpaka nyumbani na bado zaidi ya nusu ipo.

Asubuhi yote nimechambua kosa lilikuwa wapi. Nimelipata. Barua ilikuwa ndefu mno. Sentensi tatu na kichwa juu! Nani ana muda? "Chakula kitakuwepo" iliwachanganya, na ile ya kuthibitisha iliwatisha. Ningekuwa mkali zaidi na kalamu Jumanne, jana wangekuja wote.

Mchana Manang Pasing akagonga. Ni mjane, anakaa mlango unaofuata, na siku nyingine nasikia kijiko chake kikigonga sahani kupitia ukutani. Akauliza kama nimekula. Akasema amepika supu ya samaki, imekuwa nyingi, niende. Nikasema asante, nimeshakula. Hakuondoka. Aliangalia meza nyuma yangu. "Pansit yote hiyo, Crisanto," akasema. Nikasema ndiyo. Akasema inanukia vizuri. Nikasema ndiyo, ni ya nyuma ya kanisa. Akasimama, akarekebisha shali begani, akasema haya basi. Nikasikia mlango wake ukifungwa, na baadaye kidogo, kijiko.

Mtu mwema. Anastahili kualikwa rasmi.

Nimetoa karatasi safi na nimefanya kazi mpaka saa kumi. Rasimu ya kwanza ilimtaja mama na ule ukuta, nikaichana. Ya pili ilikuwa na salamu. Ya tatu ndiyo hii: "Kesho. Saa sita. Chakula." Nimeosha sahani mbili na kuzipanga zikitazamana. Nimeisoma barua mara ya mwisho kabla ya kuikunja, nikaona kitu kimoja tu kimebaki ambacho hakina kazi, nacho ni jina langu chini. Nimelifuta, nikaipenyeza chini ya mlango wake bila kugonga.