Ombi la Cheti cha Kuthibitisha Kwamba Gari la Mke Wangu Bado ni Gari

Kwa Ndugu Mkaguzi Mkuu wa Magari,

Salamu nyingi na heshima zote kwako, kwa wasaidizi wako, na hata kwa yule aliyecheka mpaka akakalia tairi. Mimi ndiye mwenye kile kigari cha bluu chenye karai juu ya boneti. Najua umenikumbuka.

Siku ile ya ukaguzi hukupata nafasi ya kunisikiliza kwa kuwa ulikuwa unajifuta machozi, kwa hiyo naomba nieleze shida yangu kwa utulivu. Mimi ni fundi wa makapeti na viti vya magari. Mke wangu ni mkunga, na zahanati yake iko juu ya kilima. Gari lake ni dogo, la kisasa, lina kompyuta, na lilipokuwa jipya nililishonea kwa mapenzi kapeti nene la tabaka tatu, kazi ambayo hata adui yangu angeisifu. Kilichokosekana ni nguvu tu. Kilima kile lilikuwa linakipanda kama mtoto aliyetumwa dukani huku wenzake wanacheza. Siku moja tulipitwa na mtu anayesukuma baiskeli yenye godoro. Akatupungia mkono. Mke wangu alifika zahanati akakuta mtoto amekwisha kuzaliwa, amenyonya, amelala. Aliniambia, "Mume wangu, watoto hawasubiri gari." Maneno yale yaliniingia.

Nikamwendea fundi injini wa mtaani kwetu, tunayemwita Tutaona kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Nilimuuliza kama injini ya gari la kusambazia mikate inaweza kuingia kwenye kigari kile. Alichojibu unakijua. Ile injini ndogo iliyotoka akapewa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ana gari la aina hiyohiyo na injini yake ilikuwa imekufa.

Mke wangu alipoliona gari lake, alilizunguka, akaingia ndani kufungasha. Sasa yuko kwa kaka yake, hukohuko kilimani. Ameacha sharti moja: nikimpelekea cheti chenye muhuri wa ofisi yako kinachosema kwamba lile bado ni gari, atarudi. Kwa hiyo, Ndugu Mkaguzi, ulipoandika "Hapana" na kuipigia mistari miwili, hukuninyima barabara peke yake. Umeninyima mke. Malalamiko yangu ni haya:

1. Boneti. Mmeandika kwamba haifungi. Si kweli. Boneti inafunga vizuri kabisa, ila injini imebaki nje. Ndiyo maana Tutaona akakata tundu na kulifunika kwa karai, na mimi kwa mikono yangu nikalivika karai ngozi nyeusi, nikashona kingo kwa uzi mwekundu. Kati yenu nyote hakuna aliyeusifu mshono.

2. Betri kukaa kiti cha mbele cha abiria. Sasa ikae wapi? Tena imefunga mkanda, na abiria wenye akili zao timamu ninaowajua hawafungi. Isitoshe haimfundishi dereva kuendesha. Mama mkwe wangu namheshimu sana, kwa hiyo nitaishia hapo.

3. Breki. Msaidizi wako anadai gari halisimami. Linasimama. Halisimami pale unapotaka, lakini kusimama linasimama. Breki ni zilezile ndogo za zamani na zinajitahidi, na anayejitahidi hutiwa moyo, hafelishwi. Ule ukuta wenu wa uani ulikuwa umekwisha kuanza kuinama kabla sijafika. Mlinzi ni shahidi, ingawa tangu siku ile hapokei simu zangu.

4. Kona ya kulia. Ni kweli injini imeubana usukani na gari linakata kushoto tu. Lakini mtu akikata kushoto mara tatu, si anaelekea kulekule kulia? Atachelewa kidogo, na wahenga walishasema kawia ufike.

5. Taa kutazama ardhi. Injini ni nzito, gari limeinamisha pua. Mimi nimeliona hilo kuwa ni adabu. Vijana wa siku hizi hawainamishi hata macho mbele ya wakubwa, na hakuna anayewapima. Gari langu linamwinamia kila mtu, nalo linafelishwa!

6. Kompyuta. Huyu ndiye mfitini. Hajakubali kwamba injini yake imeondoka. Kila nikiwasha gari, anawasha taa zote nyekundu, analia, kisha waipa zinaanza kufuta kioo kwenye jua kali. Mtaalamu wenu akasema gari "halijielewi". Nauliza kwa heshima: ni sheria gani inayolitaka gari lijielewe? Mimi mwenyewe tangu mke aondoke sijielewi, na bado naruhusiwa kutembea barabarani.

7. Shemeji. Hili halimo kwenye karatasi yenu, lakini ndilo linaloniuma kuliko yote. Kila jioni anapita mbele ya karakana yangu na injini yetu ya zamani, ile goigoi, na anapanda kilima kana kwamba kilima hakipo. Gari lenyewe ndani ni sakafu tupu, halina hata kipande cha kapeti, aibu tupu. Juzijuzi alipanda na watu wanne na kabati juu. Mke wangu alikuwa mmoja wa hao wanne. Alitazama mbele. Sasa, kama injini ileile kwangu iligoma na kwake inapaa, basi ama kilima kina upendeleo, ama kuna mchezo unachezwa. Naomba uchunguzi ufanyike.

Ombi langu ni dogo. Cheti si lazima kiseme "gari" kwa ukamilifu. Kikisema "gari kwa kiasi kikubwa" nitashukuru. Nyumba imekuwa kimya, chai nainywa imepoa, na mke wangu nimemkumbuka sana, Ndugu Mkaguzi.

Nisalimie wote ofisini, aliyecheka mwambie nampa pole ya mbavu, mlinzi mwambie apokee simu, na ukuta Mungu ausimamishe.

Mimi mwenye kungoja muhuri wako,
Fundi Makapeti, mume wa mkunga.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga. Naifungua kwa jambo dogo tu, na sikuona sababu ya kuiandika upya kwa kuwa imeandikwa vizuri. Juzi, katika kutafuta amani, nilimpelekea shemeji zawadi ya kapeti la miguuni mwa dereva, nene, tabaka tatu, sawasawa na lile la mke wangu. Akalitandika palepale, akashukuru. Jana gari lake likashindwa kilima. Likapitwa na yule mtu wa godoro. Mke wangu akamwambia kaka yake asimame, akainama, akalivuta kapeti langu chini ya pedeli ya mafuta, pedeli ikapata pa kushukia, gari likapanda mbio. Leo kapeti limerudi kwangu, limekunjwa vizuri, na ujumbe: "Injini yako kubwa hii hapa."

Kwa hiyo malalamiko yote nayafuta, isipokuwa lile la mshono. "Hapana" yako iache, na ukipenda ongeza mstari wa tatu. Ila ikikupendeza, mwite shemeji kwa ukaguzi, umfelishe kwa sababu yoyote utakayoiona, maana ile injini naihitaji na yeye hataki kuitoa. Habari za cheti zimekwisha. Mke wangu anasema nikitaka arudi nimfuate mwenyewe, kwa miguu, na nisithubutu kumletea chochote nilichokishona. Naondoka sasa hivi. Nakwenda peku, pasiwe na kitu kati ya mguu wangu na kile kilima.