Nani Alimpa Quinter Macho Mekundu?

Jumatatu, 3 Juni 2024
Macho mekundu yameingia kambi yetu ya wachuma chai hapa Sosiot. Watu wanatokwa machozi kama wako matangani! Mimi, Jackton, mhudumu wa afya wa kujitolea, nimepita kila nyumba nikivuta kope kwa kidole. Wagonjwa na wazima. Jicho ni kitu cha ajabu!

Alhamisi, 6 Juni
Hata Ombui ameshikwa na macho mekundu. Mhudumu mwenzangu, na anautaka uenyekiti wa wahudumu ninaoutaka mimi. Sista Tecla wa zahanati ameomba wagonjwa wachache wapimwe, maabara ilinganishe virusi vyao. Kumbe virusi vina ukoo! Ameniambia nichague kutoka kambi nzima. Nimempeleka Ombui na majirani zake tu.

Jumanne, 11 Juni
Majibu! Virusi vya Ombui vinafanana na vya jirani yake Quinter, muuza mboga. Nimetangaza kwenye mizani ya chai kwamba Ombui ndiye aliyempa. Sikufikiria watu watauliza alimpa vipi. Gordon, mume wa Quinter, amebeba godoro akaenda kwa kaka yake Kapkatet.

Jumatano, 12 Juni
Sista amenikaripia. Kufanana si ushahidi; kati yao huenda kuna mtu hatukumpima. Tena ukipima nusu ya wagonjwa, jozi nyingi za aliyeambukiza na aliyeambukizwa zinakupotea, maana lazima uwapate wote wawili. Amesema nichanganye gamboti, zile buti za mpira za nyumbani, nitoe nusu bila kuangalia, nione jozi ngapi zimebaki.

Nimejaribu na jozi nne. Imebaki moja! Nimerudia. Hakuna hata moja! Utamu ulioje! Mke wangu Christabel ameenda kuchuma chai na gamboti mbili za kushoto. 

Ijumaa, 14 Juni
Quinter amekuja zahanati na Gordon. Akaapa kwamba, ujirani au la, hajamkaribia Ombui tangu Pasaka.

“Aliyenishika jicho ni huyu Jackton peke yake,” akasema. “Na alikuwa ametoka kwa wagonjwa!”

Sista akaniuliza kama nilinawa. Nikatazama dari. Akasema hana hakika, lakini huenda mtu wa katikati ni mimi. Nimewaomba msamaha wote, hata Ombui. Gordon amerudisha godoro. Nimefurahi, kwa kweli.

Jumapili, 16 Juni
Kanisani Nyamweya amekohoa. Baadaye Jerusa, kiti cha nyuma kabisa, naye akakohoa. Nimemwona aliyeambukiza na aliyeambukizwa kwa macho yangu! Kati yao walikuwa watu wengi, lakini hao sikuwasikia wakikohoa, kwa hiyo hawahusiki. Nimemwomba mchungaji nafasi ya matangazo.