Mzee Kigingi Apewa Kiti

Jumatatu, 9 Juni

Habari kubwa! Mgombea anayeongoza katika mbio za kuiongoza halmashauri ya mji amekubali kukaa jukwaani Jumamosi ya wiki ijayo na kuulizwa maswali na sisi, wanablogu wa mageuzi. Sisi! Mwaka juzi karani wake alikuwa akitukatia simu. Siku hizi inasemekana kwamba kila asubuhi mgombea husomewa blogu zetu kwa sauti kabla hajagusa chai. Pengine habari hii imetiwa chumvi. Lakini chumvi haitiwi kwenye chungu kitupu.

Tumepewa kiti kimoja cha muulizaji. Kundi letu litapiga kura Jumapili.

Ninakitaka. Halmashauri inakusudia kubomoa maktaba ya manispaa, ninakofanya kazi mwaka wa kumi na moja sasa, ili pawe maegesho ya magari. Kila alasiri wanafunzi themanini husomea pale kwa sababu nyumbani hawana meza. Ninataka kumuuliza mgombea, ana kwa ana, iwapo atautia saini mpango huo. Je, ninakitaka kiti pia ili nionekane? Nimejichunguza kwa dakika tano. Sikupata ushahidi wa kutosha kuthibitisha wala kukanusha.

Kikwazo ni Mwalimu. Anafundisha hesabu, blogu yake ina grafu za rangi, na wasomaji wake ni elfu nne. Wangu ni arobaini na mmoja. Mmoja kati yao ni Dada, ambaye hufungua tu kuhakikisha kwamba sijamsema.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata mpango.

Kundi letu lina desturi tunayoiita Ngao. Mwenzetu akishambuliwa na mhafidhina, kila mmoja wetu huandika utetezi katika blogu yake na kumtaja kwa jina. Mwezi uliopita Mwalimu alishambuliwa na mwenye kiwanda cha matofali. Ngao thelathini! Wasomaji wapya elfu moja kwa siku moja!

Mimi sijawahi kushambuliwa. Miaka minne ya kuandika, na hakuna aliyejisumbua hata kuniita mjinga. Inauma.

Basi, adui asipokuja mwenyewe, ataumbwa. Je, huo si udanganyifu? Nimelipima jambo hili kwa makini. Waandishi wa tamthilia huumba watu wabaya na hatuwaiti waongo. Hoja hii ina tundu mahali fulani, ila nilikuwa nimechelewa kazini.

Nimemwita Mzee Kigingi. Umri, miaka sabini na miwili. Fundi saa mstaafu. Hapendi mabadiliko, maktaba, wala wanawake wanaotumia neno "muktadha". Chini ya makala yangu kuhusu maktaba ameandika: "Binti, kitabu hakijawahi kumkimbiza mgonjwa hospitali. Gari ndilo hukimbiza. Hebu pisha magari yapate pa kulala."

Nilicheka peke yangu hadi msomaji wa magazeti akaninyamazisha. Ndani ya maktaba yangu mwenyewe!

Alhamisi, 12 Juni

Ngao kumi na tisa! Wasomaji mia sita! Mfamasia, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, ameandika kwamba atakayenigusa amemgusa yeye. Nimeisoma mara nne.

Dada aliingia chumbani kwangu akiwa na futi ya kushonea shingoni, akaniuliza huyo mzee ni wa wapi, maana maneno yake yana ladha. Nikamkumbusha kwamba mzee huyo amenidhalilisha mimi, mdogo wake wa tumbo moja. Akasema ndiyo, ila amenidhalilisha kwa adabu, na kwamba laiti na mimi ningeandika hivyo, angekuwa anafika hadi mwisho.

Jambo moja halikuwemo katika mpango. Watu wanamsalimu Mzee Kigingi. Si vizuri mtu mzima asalimiwe akae kimya. Nimejibu salamu kumi na nne kwa niaba yake. Ya kumi na tano nilijizuia.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nilimvunja Mzee Kigingi kwa makala ya maneno elfu mbili. Marejeo kumi na mawili. Kazi safi. Nikaikamilisha kabla ya saa sita mchana.

Saa sita na nusu Mzee Kigingi akajibu: "Nimesoma mpaka mwisho, binti. Gari langu limeshika kutu."

Waliocheka ni mia mbili na kumi na wawili.

Kwa nini nilimwandikia jibu hilo? Ningeweza kumfanya anyamaze. Ningeweza hata kumfanya akubali yaishe. Lakini sentensi ilikuja yenyewe, nzuri, imekamilika, na sikuwa na moyo wa kuifukuza. Inawezekana kwamba nina kipaji. Inawezekana pia kwamba kipaji hicho ni chake.

Mwalimu amechora grafu ya vicheko kwa kila maneno mia. Mstari wa Mzee Kigingi unapanda kama moshi. Wangu umelala chali.

Jumapili, 15 Juni

Nitaandika yaliyotokea bila kuongeza wala kupunguza.

Tulikutana chumba cha nyuma cha duka la Mfamasia, tumekaa juu ya makatoni ya dawa za kikohozi. Mfamasia akasimama. Alisema kwamba zamani tulikuwa watu wa kupuuzwa, na mtu wa kupuuzwa anaruhusiwa upendeleo. Sasa tunasikilizwa, na mwenye kusikilizwa anadaiwa haki. Wapinzani wanadai kwamba sisi hujisikiliza wenyewe tu. Tuwaaibishe! Tufanye jambo ambalo kambi nyingine yoyote isingethubutu: kiti chetu kimoja tumpe mtu anayetupinga.

Makofi. Mwalimu, aliyekuwa na uhakika wa kushinda, akajiondoa huku akifuta machozi ya uadilifu. Nani basi apewe? Mtu wa kawaida. Mtu mwenye hekima. Chumba kizima kikataja jina moja.

Kisha wote wakanigeukia. Mfamasia alisema kwamba mimi ndiye niliyeumizwa, kwa hiyo ridhaa yangu ina uzito wa pekee.

Ningeweza kukiri pale pale. Nilifikiria. Lakini kanuni yetu ya kwanza inasema kwamba atakayeandika maoni kwa jina la uongo atafukuzwa siku hiyo hiyo. Ninaikumbuka vizuri kwa sababu niliiandika mimi.

Nikanyoosha mkono. Azimio likapita bila kupingwa. Wakanikumbatia kwa zamu, wakisema nina moyo mpana kama uwanja.

Nilikuwa ninaijua ile methali ya mchimba kisima. Sikujua kwamba kisima kinaweza kuwa na watazamaji.

Jumatatu, 16 Juni

Maji yamezidi unga. Mgombea ametangaza kwamba ameguswa na Mzee Kigingi, "sauti halisi ya mwananchi", na kwamba suala la maktaba ataliamua baada ya kumsikia jukwaani Jumamosi.

Kwa hiyo hatima ya maktaba iko mikononi mwa mtu asiye na mikono.

Suluhisho ni moja: Mzee Kigingi abadili msimamo. Saa nne asubuhi aliandika kwenye ukurasa wa kundi letu kwamba ametembelea maktaba, amewaona wanafunzi themanini wakigawana meza, na moyo umemlainika. Maandishi mazuri, yenye ushahidi.

Hawakuamini! Wakasema mzee hawezi kuongea hivyo. Mwalimu akapima urefu wa sentensi, akagundua neno "muktadha" mara tatu, akathibitisha kwa grafu kwamba mwandishi si Mzee Kigingi bali ni tapeli anayemwigiza. Mfamasia akayafuta maoni hayo na kutoa onyo kali.

Nimepigwa marufuku kumwigiza mtu niliyemtunga mwenyewe. Nilikata rufaa kwa jina lake. Rufaa imekataliwa.

Jumatano, 18 Juni

Amefariki. Tangazo fupi la familia: usingizini, kwa amani. Niliona kwamba hiyo ndiyo njia yenye utu.

Nafuu ilidumu saa mbili. Rambirambi mia tisa! Dada amesimamisha cherehani na kugoma kula. Nilipomwambia ajikaze akanijia juu: eti ni roho gani hiyo niliyo nayo, mtu kanipa umaarufu, kafa, na mimi natafuna karanga. Nilijaribu kulia kwa ajili yake. Jambo la ajabu, machozi yalitoka.

Mchana mgombea akatoa taarifa. Ili kumuenzi marehemu, akichaguliwa atautia saini mpango haraka, na maegesho yataitwa kwa jina lake.

Nimeketi chumba cha kusomea nikiwatazama wanafunzi wangu. Binti mmoja aliniuliza kwa kunong'ona iwapo ni kweli wataondolewa. Nikamwambia kwamba suala hilo bado linajadiliwa. Akasema asante, akarudi kwenye kitabu chake.

Ijumaa, 20 Juni

Kiti kimerudi kwa Mwalimu. Alinipigia simu. Hakukejeli hata kidogo, jambo lililonikera. Alitaka takwimu: wanafunzi wangapi, saa ngapi, wanatoka umbali gani. Alisema hawezi kulitetea jambo asilolijua na kwamba ninayelijua ni mimi.

Nilimpa zote. Miaka kumi na moja ya daftari la mahudhurio. Muda uliotumika: dakika ishirini. Uongo uliohitajika: sifuri. Nililiandika hilo pembeni, nikalitazama kwa mashaka.

Jumapili, 22 Juni

Maktaba imepona! Jana Mwalimu aliuliza swali moja, akainua grafu moja, ukumbi ukasimama. Mgombea akaloa jasho, akatamka mbele ya watu wote kwamba maktaba haitaguswa, na kwamba maegesho ya marehemu yatatafutiwa kiwanja kingine. Yule binti alikuwepo na wenzake. Walipiga kelele hadi spika zikakoroma.

Jina langu halikutajwa.

Nimeyatafakari yote haya kwa utulivu, kama ipasavyo mtu aliyesoma. Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba ukweli ulitosha tangu mwanzo. Ninaogopa hitimisho rahisi. Mfano mmoja si utafiti. Kosa langu, nikilipima kwa haki, lilikuwa kumtegemea mtu mmoja wa kubuni, tena mwanamume.

Hivyo saa tatu asubuhi hii mjane wa Mzee Kigingi ameandika kwa mara ya kwanza. Mama mpole, mwenye maneno machache. Anasema kwamba siku za mwisho marehemu alimtaja mwanamke mmoja tu mwenye akili katika mji huu, naye si mwalimu wa hesabu.

Saa nne kasoro robo akatokea mjane wa pili! Simjui. Anadai yeye ndiye mke mkubwa, marehemu hakumtaja mwanamke yeyote, na huyu wangu ni mzushi asiye na haya.

Mtu anawezaje kukaa chini, akajizulia ndoa na mtu ambaye hakuwahi kuwepo? Watu wamekosa maadili kabisa!

Nimeshaanza kumwandika wakili wa familia.