Jinsi Vifurushi vya Apolonia Vilivyopoa Bila Kuguswa

Sogeeni, enyi watu wa Ilomba. Nanyi wa Ubaruku, uacheni mpunga ujianike wenyewe. Nanyi ndugu zangu wa Igowole, wekeni majembe chini mnisikilize. Wengine wamesimulia habari za majemedari walioteka miji. Mimi naleta habari kubwa kuliko hizo: habari za vifurushi vilivyowekwa juu ya rafu vikapoa, na mtu asiviguse.

Mnacheka? Chekeni, mtanyamaza.

Ilikuwa Juni, mjini Mbeya, mwezi ambao baridi hushuka kutoka milimani kama jeshi lenye njaa na kuingia kila nyumba bila hodi. Siku hiyo mimi, Apolonia binti Sifaeli, Mkunja Shuka asiyeacha pindo, Msugua Mikasi mpaka ndani ya kiungo, nilisimama kwenye mtihani wa vitendo wa utakasaji wa vifaa vya upasuaji. Nilikuwa nimekwisha kuosha, kukagua, kupanga na kufunga makoleo na mikasi katika vitambaa. Nikavitia ndani ya otoklevu, lile joka la chuma linalopumua mvuke na kuangamiza kila kijidudu kilichothubutu kuzaliwa. Joka likanguruma, likatulia. Nikavitoa vifurushi vikiwa vikavu, utepe wake wa kuonyesha joto umetoa mistari myeusi inavyotakiwa, nikaviweka kwenye rafu ya waya vipoe.

Hapo ndipo vita vilipoanza.

Kwa maana sheria ya fani yetu haina huruma: kifurushi cha moto hakiguswi. Ukikigusa, unyevu wa kiganja hupenya kitambaa pamoja na vijidudu vyake, na kazi yote inakuwa bure. Na sisi watu wa nyanda hizi, tuliokua tukigombania nafasi kando ya moto, mikono yetu hukifuata kitu chenye joto bila kutuomba ruhusa. Asubuhi hiyohiyo Lutengano, bingwa wa darasa letu, alikuwa ameanguka papo hapo. Aliviona vifurushi vyake vinafukuta, akavikumbatia kama mtu aliyempokea mama yake stendi.

Mkufunzi wetu, Madam Hanifa, hakupandisha hata sauti.

"Lutengano, tukutane mwakani."

Mimi sikuwa na mwakani. Kule kwetu Igowole, Mufindi, kituo cha afya kilikuwa na chumba kipya cha upasuaji, kimefungwa kufuli kwa kukosa mtu wa kutakasa vifaa. Walikubali kunisubiri mpaka matokeo haya. Nikianguka, wanatafuta mwingine.

Basi nikaihutubia mikono yangu. "Enyi mikono, mmechimba viazi kwenye umande, mmefua kwa maji ya Juni hamkulia. Leo mtanisaliti kwa joto la mkasi?" Nikaibana kwapani. Vidole vikaomboleza. Nikavipuuza.

"Apolonia, unaongea na nani?" aliuliza Madam Hanifa, akiwa amenipa mgongo, anasoma saa ya joka.

"Na askari wangu, Madam."

"Waambie wasisogee."

Ndipo mlango ulipofunguka, akaingia Mchungaji Andendekisye, mlezi wa chuo, mtu mwema asiyeacha mtihani upite bila kuuombea. Pua ilikuwa imeiva kwa baridi.

"Poleni na mtihani, wanangu. Nimekuja kuibariki kazi yenu." Akavua glavu zake za sufu. "Ndiyo hii?"

Nanyi mnajua desturi ya Mchungaji: kitu hakijaombewa mpaka kiwekewe mikono. Ameiwekea mikono mashine ya kukoboa, pikipiki, hata tangi la maji. Akafumba macho, akainyoosha ile mikono mitakatifu juu ya vifurushi vyangu, na mikono ikaanza kushuka.

Niliwaza kusema, "Samahani, Mchungaji." Lakini samahani ni neno refu, na vidole vilikuwa vimekaribia kitambaa.

Nikaipiga ile mikono.

Paa!

"Binti!"

"Mchungaji, Mungu anasikia hata ukiwa mlangoni!"

Mchungaji akautazama mkono wake, akavitazama vifurushi. "Nimepigwa," akasema, kama mtu anayetoa tangazo.

"Mkasi huu unaingia tumboni mwa mama wa mtu, Mchungaji. Usiuguse."

Akafikiri. Kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaitumbukiza mikono mifukoni, akaomba. Aliwaombea wagonjwa, akaliombea taifa, akayaombea mahindi mbolea, akamwombea Lutengano kwa jina. Alipofika Amina, vifurushi vilikuwa vimepoa kabisa.

Madam Hanifa akavikagua kimoja baada ya kingine. Akafungua kimoja, akapitisha macho kila pindo.

"Vikavu," akasema. "Umefaulu."

Enyi milima, mlisikia! Enyi mawingu ya Mbeya, mlisimama! Siku hiyo baridi yote ya nyanda za juu ilishindwa na makwapa ya msichana mmoja.

Habari zilifika Igowole kabla yangu. Mama akapiga simu. "We Apo, umempiga mtumishi wa Mungu? Nenda ukapige magoti, mwanangu, umwombe radhi!"

Mama, nakuheshimu. Mchungaji naye namheshimu, na Jumapili nitampa mkono, maana utakuwa umepoa. Kile chumba kimefunguliwa kufuli, na funguo ninazo mimi.

Radhi siombi.